Kadi za Ukutani na Mlango wa Shangazi Gunhild

Göteborg, 12 Agosti 2025

Shangazi Gunhild,

Shikamoo, na shikamoo nyingine ya ile barua ya Juni niliyoiandika nusu nikaiacha. Natumaini goti limetulia na paka wako Sixten hajakuletea panya tena kitandani. Huku hatujambo. Mwanangu Melker amerefuka hadi suruali zinamkimbia. Wiki hii yuko kwa baba yake, wiki ijayo yuko kwangu, na kila akihama anasahau kiatu kimoja.

Sasa sikia. Ile programu ninayoisimamia, ya kupanga zamu za wahudumu wanaozungukia wazee majumbani, imechukuliwa na manispaa yenu! Majaribio yataanza Jumatatu ya kwanza ya Septemba, na kijiji cha kwanza ni Näverträsk. Yaani Roland atakapokuja kwako saa mbili asubuhi na vidonge vyako na zile soksi za kubana zinazozuia miguu kuvimba, ni programu yangu itakayokuwa imemtuma. Tarehe mosi Desemba tunafungulia manispaa nzima. Nimeahidi tarehe hiyo mbele ya watu, shangazi, kwa mdomo wangu.

Uliniuliza kazi yangu ni nini hasa. Tuna ukuta. Kila kazi inaandikwa kwenye kadi. Kadi inaanzia kushoto, kwenye "Inasubiri", inakwenda "Inafanywa", inaishia kulia, "Imekwisha". Hatupangi mwaka mzima mara moja, tunapanga wiki mbili tu. Zikiisha tunaonyesha tulichotengeneza, tunajikosoa, tunaanza raundi nyingine. Na kila asubuhi tunafanya kikao tukiwa tumesimama, ili kisiwe kirefu.

Nina furaha, lakini silali vizuri. Nakula nimesimama pia, siku hizi.

Mwanao,
Ylva


Näverträsk, 22 Agosti

Ylva mwanangu,

Marahaba. Barua yako imefika na makosa matatu ya herufi, nimeyasahihisha kwa kalamu nyekundu na nitakurudishia ukija. Goti lipo. Sixten kaleta ndege safari hii, mzima, akamwachia jikoni. Tulihangaika naye hadi Evert jirani alipokuja na wavu wa samaki. Beri za msituni zimeiva mapema. Roland keshaanza kusafisha bunduki yake na hana habari nyingine mdomoni, hata soksi zangu anazivuta huku akinieleza upepo wa bondeni.

Nimekuelewa kuhusu kadi. Nilifundisha darasa la kwanza miaka mingi, nasi tulikuwa na ukuta wa kadi. Watoto walipenda sana kuzihamisha. Wengine walihamisha kabla ya kusoma kitabu.

Watu wazima mnasimama kama kuku kwenye baridi ili mkutano uwe mfupi? Si mnyamaze tu.

Ila nafurahi, usinielewe vibaya. Kukaa hapa nyumbani ndiko kunakoniweka hai, na ninakaa kwa sababu mlango unagongwa saa mbili. Mwaka jana nilipoanguka bafuni, yule bibi wa manispaa, mpimaji wa mahitaji ya wazee, alikaa kwenye kiti cha baba yako akaniambia, "Gunhild, ukianguka tena itabidi tuzungumze kuhusu makao ya wazee." Nikamjibu kwamba nitatoka humu nikiwa nimebebwa. Basi huo mlango wangu ndio uliokabidhiwa, binti wa kaka yangu. Uangalie.

Shangazi yako,
Gunhild


Göteborg, 20 Septemba

Shangazi,

Shikamoo. Mbona kimya? Ningepiga simu, lakini kwenye simu hunisikii. Najua posta ya huko inakuja siku moja inaruka nyingine, lakini nimezoea kupata kalamu nyekundu angalau mara moja kwa mwezi. Melker amejiunga na timu ya kupanda kuta, za ndani, zenye vishikio vya rangi. Nimemwona mara moja tu, nikaangalia saa mara tatu, akaniona.

Majaribio yanakwenda vizuri! Raundi ya kwanza imekwisha, ya pili iko mbioni. Ukuta wetu upande wa kulia umejaa hadi kadi zinadondoka, na ule mchoro unaoonyesha kazi iliyobaki unashuka vizuri kabisa. Staffan, bosi wangu, ameupiga picha akautuma juu. Manispaa hawajaleta lalamiko hata moja. Kwenye skrini ziara zote za Näverträsk zimekuwa kijani, yaani sawa, tangu siku ya kwanza.

Wewe umeonaje? Roland anakuja kwa wakati? Niandikie hata mistari miwili. Nauliza kama msimamizi, na nauliza kama mimi.

Mahali hapa pana watu wengi wanaoniuliza "Tarehe mosi iko palepale?" na mimi nasema "Iko palepale" kabla hawajamaliza swali. Jana nilimjibu hivyo mtu aliyekuwa anauliza kama kiti kina mwenyewe.

Ylva


Näverträsk, 9 Oktoba

Ylva,

Marahaba. Tuko salama. Theluji ya kwanza imeanguka ikayeyuka. Evert analeta kuni. Sixten mzima.

Kalamu hii mbovu, usiangalie mwandiko.

Nina swali moja. Hiyo programu inajuaje kama mtu amefika? Sisemi ametumwa. Nasema amefika.

Gunhild


Göteborg, 17 Oktoba

Shangazi Gunhild,

Shikamoo. Safari hii siandiki habari za Melker wala za hali ya hewa, utanisamehe.

Ule si mwandiko wa kalamu mbovu. Umenifundisha kuandika ukiwa umenishika mkono, naujua mwandiko wako kuliko ninavyoujua wangu. Herufi zote zimelala upande usio wao. Umeandika kwa mkono wa kushoto. Kwa nini? Na kwa nini ni Evert anayeleta kuni?

Swali lako nimelibeba kutwa nzima. Nikaenda kwa Lovisa, yule anayejaribu programu kabla haijatoka, nikamuuliza inajuaje kama mtu amefika. Akanitazama kama nimemuuliza jua linachomoza wapi.

"Haijui," akasema. "Inajua nani yuko zamu na nani kapangiwa nyumba gani. Mtu akishapangiwa, ziara inakuwa kijani."

"Na kadi ya mhudumu kuthibitisha amefika?"

"Si iko Imekwisha?"

"Nani aliihamisha?"

"Ylva, bwana. Wewe."

Ni mimi kweli. Ilikuwa Alhamisi, siku moja kabla ya onyesho, Peder, anayeiandika programu, alisema bado kidogo tu, nikaihamisha nikijua tutaimalizia raundi inayofuata. Raundi iliyofuata ikaja na yake. Na si hiyo tu. Ule mchoro niliokusifia, unaoshuka vizuri: kila kadi tunaipa uzito kulingana na ugumu wake, na tulipoanza kuchelewa tukaanza kuziita nzito kadi ambazo mwezi Mei tuliziita nyepesi. Kazi ileile, ila ukiimaliza unaonekana umebeba gunia. Hakuna aliyeamua kudanganya. Tulikaa mezani na kahawa na mikate ya mdalasini, mmoja akasema "hii naona nzito kidogo," wote tukaitikia kwa kichwa. Unajua tulivyo, hakuna anayetaka kuharibu kahawa. Na kwenye kikao cha kujikosoa, ambacho kazi yake ni hiyo tu, tukajikosoa kwamba chumba kina joto.

Nilimwambia Staffan tusogeze tarehe, au tupunguze tutakachotoa. Akaniuliza kwa upole sana: "Kuna mtu yeyote ameumia? Nipe mmoja tu, nami nitalibeba hadi juu." Sikuwa na mtu. Ziara zote ni kijani.

Mkono wako una nini, shangazi?

Ylva


Näverträsk, 30 Oktoba

Ylva wewe,

Marahaba, na ukae kitini kwanza, usisome hii umesimama.

Nimekuwa mwongo tangu Septemba. Mwaka huu wa sabini na tisa wa maisha yangu nimegundua nina kipaji.

Jumatatu ile ya kwanza mlango haukugongwa. Nikangoja na soksi mkononi. Nikawasha redio ili nisisikie ukimya. Nikajiambia Roland kachelewa, halafu nikakumbuka, nikacheka peke yangu, maana nilikuandikia kabisa kwamba anasafisha bunduki. Ulidhani anasafisha kwa ajili gani, mtoto wa Göteborg? Jumatatu ya kwanza ya Septemba ndiyo siku ya kufungua uwindaji wa paa wakubwa wa kaskazini. Hakuna mtu huku anayeandika hilo popote. Wahudumu wanapatana wao kwa wao mezani: wewe nenda wiki hii, mimi nitashika nyumba zako. Mama aliyekuwa akipanga zamu kwa penseli miaka yote alijua nani ni mwindaji na nani si mwindaji, tena alijua hata nani ana mbwa mgonjwa. Mkamwondolea penseli. Programu yenu ikamkuta Roland hajaomba likizo, ikampa nyumba zake zote na wale waliopatana naye wakapewa nyumba nyingine. Yeye yuko msituni amekaa juu ya kisiki anakunywa kahawa, ninyi huko mko kijani.

Mpaka hapo ni kichekesho. Lakini nilisikia baridi, nikaenda mwenyewe bandani kuchukua kuni, bila soksi, miguu imevimba, nikaanguka kwenye kile kidaraja cha mbele ya banda. Nikasikia kifundo cha mkono kinavunjika. Nilishindwa kuinuka. Nililala pale nikitazama mawingu, nikamwita Sixten, akaja, akanikalia kifuani, ndiyo msaada wake huo. Evert aliona bomba la jiko langu halitoi moshi. Alinikuta mchana.

Niliogopa, Ylva. Sijawahi kuogopa hivyo. Sikuogopa kufa, niliogopa kukutwa na yule mpimaji.

Kwa hiyo daktari nilimwambia nimeteleza nikichuma beri. Roland aliporudi akalia jikoni kwangu, nikamwambia akifungua mdomo nitamnyima kahawa mpaka afe. Nawe nikakuficha, kwa sababu mbili. Ya kwanza nimekutajia. Ya pili, ulikuwa na furaha.

Kumbe nawe ulikuwa unanificha. Tumefanana na baba yako.

Gunhild


Göteborg, 4 Novemba

Shangazi yangu,

Nimesoma nimeketi, kwenye ngazi za ofisi, na makoti ya watu yakinipita usoni. Nimelia. Halafu nikakasirika, nikakukasirikia wewe, nikamkasirikia Roland na kisiki chake, mwisho nikabaki na mimi mwenyewe.

Pole. Sijui niseme pole ngapi. Niliiona ile sentensi ya bunduki. Niliisoma nikaona ni habari za kijijini.

Sikiliza sasa. Huyo mtu mmoja aliyemtaka Staffan ninaye, na sitamtoa. Jina lako halitatoka kinywani mwangu. Nikilitoa, mpimaji atakaa tena kwenye kile kiti, na wewe nyumba hiyo ndiyo maisha yako. Ijumaa kuna onyesho, wakubwa wa manispaa watakuja. Nitasimama niseme kadi ile haikuwa imekwisha na niliihamisha mimi. Wakinitoa wanitoe. Usiandike popote. Naomba, shangazi, usimwambie mtu.

Nakuja Krismasi. Nitaleta soksi mpya.

Ylva


Näverträsk, 14 Novemba

Ylva,

Barua yako imenikuta nimeshasema. Usipige kelele, nikikaa mbali hivi hata hivyo sisikii.

Siku ileile niliyokupelekea barua ya Oktoba sikupata usingizi wa mchana, na bila usingizi wa mchana mimi ni mtu mbaya. Nikawa nazunguka jiko, dirishani, mezani, dirishani. Nikawaza: yuko mama mmoja upande wa pili wa ziwa, haoni. Yuko Evert mwenyewe na moyo wake. Tarehe mosi Desemba wote hao wanaingizwa kwenye kijani chenu, na mimi ninayejua nimekaa na mkono kwenye bendeji nikitunza kiti cha baba yako.

Nikamwita mpimaji. Nikamwambia nilivyoanguka, lini, na kwamba hakuna aliyekuja. Aliandika yote. Nilidhani yataishia hapo, lakini akaniuliza vizuri, bila kiburi, "Na siku nyingine, Gunhild, unaendeleaje?" Nikakuta nimechoka kudanganya. Nikamwambia kwamba bafuni nashika sinki kwa mikono miwili. Kwamba ngazi ya juu sijaipanda tangu masika. Nikamwambia na mambo ambayo sikujua ninayajua.

Hajasema kitu. Hakuhitaji.

Mpe Staffan jina langu. Gunhild kwa h, asikosee.


Göteborg, 3 Desemba

Shangazi,

Shikamoo kwa unyenyekevu wote nilionao.

Nilisimama Ijumaa ile bila jina lako, nikasema yangu. Unajua tulivyo, kila mtu akatazama kikombe chake. Wakubwa wa manispaa wakasema watafikiri. Staffan akaniambia kwenye korido, "Umeniweka pabaya." Wiki iliyofuata taarifa ya mpimaji ikafika. Staffan akaja mezani kwangu akiwa ameishika.

"Huyu ni ndugu yako?"

"Shangazi yangu. Ndiye aliyenifundisha kusoma."

Akavuta kiti akaketi. "Haya. Tufanye nini?"

Tulibandua kadi zote upande wa kulia, zote, tukaanza kuulizana moja moja: hii nani ameitumia? Zikarudi kushoto nyingi mno. Peder alikuwa mwekundu kama nyanya. Halafu tukauliza, tarehe mosi ifike tukiwa na kitu gani kidogo kinachofanya kazi kweli? Jibu likawa ziara za asubuhi tu, kijiji kimoja tu, na kijani haiwaki mpaka mhudumu abonyeze akiwa ameshaingia ndani. Isipowaka, simu inalia kwa mama wa penseli. Ndiyo, tumemwomba arudi. Alikubali kwa sharti la kuleta penseli.

Na Jumatatu hii, tarehe mosi, kikatoka. Kwa wakati. Kidogo sana kuliko nilichoahidi, kwa hiyo hakuna aliyepiga makofi, ila Lovisa alinunua keki.

Shangazi, manispaa wamesema nini kuhusu wewe? Umeandika "hajasema kitu," tangu hapo sina raha. Nikisikia kidirisha cha barua mlangoni nakimbia.

Ylva


Makao ya wazee, 8 Januari 2026

Ylva mwanangu,

Marahaba. Umeona anwani.

Asante kwa Krismasi, na kwa kunifungia masanduku bila kuniambia maneno ya kunifariji. Sixten umesema analala juu ya mashine yako ya kazi; mwache, ndipo penye joto. Melker mwambie ndege anayeletwa na Sixten hapaswi kufuatwa kwa ufagio.

Nilisema nitatoka nyumbani nikiwa nimebebwa. Siku ya kuhama, nawe umesharudi Göteborg, nilitoka kwa miguu yangu, fimbo mkono huu, Evert mkono ule, na nilifunga mlango mwenyewe. Nataka ulijue hilo likiwa wazi, maana nakujua, umekaa huko unajihesabia kosa. Mimi ndiye niliyemwita mpimaji. Ninalia jioni, ndiyo. Naikumbuka nyumba yangu kila ninapogeuka nikakuta ukuta uko mahali pasipo pake. Lakini ningerudi siku ile ningemwita tena.

Evert alinipigia, akapiga kelele mpaka nikasikia. Anasema tangu Desemba anagongewa kila asubuhi. Siku moja kijana wa zamu gari lilikwama kwenye theluji, simu ikamfikia mama wa penseli, akaja yeye mwenyewe kwa kile kiti cha kuteleza thelujini kinachosukumwa kwa mateke.

Hapa chakula kizuri, kahawa nyepesi. Dirisha langu linaona maegesho ya magari, basi nayajua magari yote. Kasoro moja tu. Mlango hauna kufuli. Wanagonga, halafu wanaingia papo hapo, hawangoji nijibu. Nyumbani Roland aligonga akangoja mpaka niseme "ingia," hata akinisikia nimesimama nyuma ya mlango.

Mnaandika kadi za kila kitu. Niandikie moja: wagonge, kisha wangoje.

Shangazi yako,
Gunhild


Göteborg, 16 Januari

Shangazi,

Kadi yako iko ukutani, juu kushoto, kwa maneno yako, na nimeiandika kwa kalamu nyekundu. Staffan ameongea na mkuu wa makao yenu, na Jumatatu Lovisa anapanda treni kuja kukaa nanyi wiki nzima, kutazama. Mpe kahawa, hata hiyo nyepesi.

Peder alitaka kuihamisha leo, anasema mkuu wa makao amekubali na tangazo limeshabandikwa kwenye korido. Nimemkatalia. Nimewaambia wote kwenye kikao cha asubuhi kwamba hiyo haigusi mtu, haiendi Imekwisha mpaka uniandikie wewe kwamba wamegonga, wakangoja, ukasema ingia.

Ylva